Mcheza kwao hutunzwa, lakini na nani?

HODI ya jirani siku ya Jumamosi asubuhi aghalabu huwa ya kuomba chumvi, au kuuliza kama maji yamerudi kwenye mifereji. Lakini juma lililopita, jirani yangu wa ghorofa ya tatu alipobisha, hakuwa na kikombe wala ndoo. Alikuwa na karatasi moja aliyoikunja mara nne.

Aliketi, akaikunjua juu ya meza na kunisogezea. “Dada, wewe ndiwe mtu wa magazeti. Hebu nisomee hapa, kisha uniambie kama macho yangu yana kasoro.”

Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa barua kutoka chuo kikuu. Kifungua mimba wake, msichana aliyepata alama ya B katika mtihani wa KCSE, alikuwa ameitwa kusomea shahada ya usimamizi wa michezo. Miaka minne.

“Miaka minne ya kusomea mpira!” mzee akasema, akipiga goti lake kwa kiganja. “Angeitiwa ualimu, ningesema sawa. Angeitiwa uuguzi, ningeuza hata kile kipande cha shamba nyumbani. Lakini nilipe karo mtoto akafundishwe kupuliza kipenga?”

Nilimmiminia chai badala ya kumjibu, kwa sababu najua hasira hiyo inatoka wapi. Miaka ya tisini mzee huyu alikuwa mlinda lango. Alichezea timu ya kampuni moja ambayo leo haipo, na wazee wa mtaa huu bado wanamwita kwa jina la utani alilopewa na mashabiki. Siku alipovunjika goti uwanjani, katibu wa timu alimwahidi kwamba bima ingelipa. Alipofuatilia, hapakuwa na bima. Hapakuwa na mkataba wala hata faili yenye jina lake. Miaka miwili baadaye kampuni ilijitoa, na timu ikafa kama moshi. Hadi leo anapopanda ngazi zetu hushika ukuta.

Binti yake aliingia tukiwa tungali tumenyamaza. Nadhani alikuwa akisikiliza mlangoni. Alinisalimu kwa heshima, kisha akasema maneno ambayo yameniandama juma zima: “Shangazi, baba hakuumizwa na mpira. Goti lingepona. Aliumizwa na ofisi.”

Mzee hakumjibu. Nami sikuwa na la kuongeza. Lakini niliwaahidi wote wawili kwamba ningeliandika jambo hili hapa, kwa sababu si la nyumba moja. Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala mpya liliingia Gredi ya 10, na moja kati ya njia tatu walizowekewa ni ile ya sanaa na michezo. Wazazi wengi watapokea karatasi kama ile ya jirani yangu. Ni heri tukajua la kuuliza kabla ya kukemea, na pia kabla ya kushangilia.

LILIKOTOKA SOMO HILI

Huenda nawe msomaji unajiuliza: hivi kusimamia michezo nako husomewa? Naam, na si jambo lililozuka jana. Mwaka wa 1957, Walter O'Malley, mwenye timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers huko Marekani, alimwandikia barua mhadhiri mmoja aitwaye James Mason. Swali lake lilikuwa rahisi: mtu akihitaji kijana aliyefunzwa hasa kuendesha uwanja, ukumbi au timu, amtafute wapi?

Vyuo vya huko vilitoa mawakili, wahasibu na walimu wa mazoezi ya viungo. Lakini hapakuwa na chuo kilichomtoa mtu wa kusimama katikati ya hao wote. Anayeelewa hesabu, sheria na pia mchezo wenyewe. Jibu lilichukua miaka tisa. Mwaka wa 1966 Chuo Kikuu cha Ohio kilianzisha shahada ya uzamili katika usimamizi wa michezo, ya kwanza ya aina yake. Leo vyuo vinavyofundisha somo hilo Marekani ni mamia. Ulaya nako, tangu mwaka wa 2000, kuna masomo ya uzamili yanayoungwa mkono na FIFA ambapo mwanafunzi huanzia Leicester, Uingereza, akaenda Milan, Italia, kujifunza usimamizi, na kumalizia Neuchâtel, Uswisi, kwa sheria ya michezo.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kenyatta kimejulikana kwa miaka mingi kwa masomo ya mazoezi ya viungo na michezo, na siku hizi vyuo kadhaa, vya umma na vya kibinafsi, vinatoa diploma na shahada katika fani hii. Kwa hivyo binti wa jirani hakuitiwa upuzi. Ameitiwa somo lenye umri wa kuwa nyanya yake.

MIGUU TUNAYO, OFISI HATUNA

Sasa tuulizane kwa nini nchi kama yetu ilihitaji somo hili hata kuliko Marekani.

Hakuna anayetilia shaka miguu ya Wakenya. Tangu Kipchoge Keino alipotwaa dhahabu ya mita 1,500 Mexico mwaka wa 1968, hadi Faith Kipyegon aliposhinda mbio hizo hizo katika Olimpiki tatu mfululizo, ya mwisho ikiwa Paris mwaka wa 2024, tumekuwa tukipigiwa wimbo wa taifa ugenini. Kila aibu tuliyoipata katika michezo, ukiichunguza vizuri, utaikuta imeanzia mezani, mbali na uwanja.

Tazama mwenyewe. Kenya ilikuwa imepewa haki ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka wa 1996. Tulipokonywa, likapelekwa Afrika Kusini, nao wakalitwaa kombe hilo mbele ya mashabiki wao. Tukapewa tena michuano ya CHAN ya mwaka wa 2018. Mwaka wa 2017 wakaguzi walikuta viwanja havijakamilika, tukapokonywa kwa mara nyingine. Morocco wakaandaa na wakashinda. Ukimnyang'anya mtu karamu mara mbili na kila mara mwenyeji mpya akashiba, huyo mtu ana tatizo la jikoni.

Mwaka wa 2016, Julius Yego, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki, alifika uwanja wa ndege wa Nairobi akielekea Olimpiki ya Rio, akakuta hana tiketi ya ndege. Bingwa wa dunia! Wenzake walilazimika kupiga kelele ndipo akatafutiwa. Alikwenda, akarudi na nishani ya fedha. Mizozo ya mavazi na pesa za safari hiyo iliishia mahakamani. Niambie, hapo palihitajika mkimbiaji wa kasi zaidi, au karani anayejua kuhakiki orodha ya abiria?

Na kuna kisa kinachoniuma kuliko vyote. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa Shirikisho la Kandanda kwa madai ya matumizi mabaya ya pesa. FIFA haikubali serikali kuingilia mashirikisho, na Februari 2022 ikaifungia Kenya. Wasichana wetu wa Harambee Starlets walikuwa wakijiandaa kukutana na Uganda katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Afrika. Hawakucheza. Hawakufungwa bao hata moja, lakini walitolewa. Adhabu iliondolewa Novemba mwaka huo, ilhali nafasi ya wale wasichana haikurudi. Miaka ya mchezaji ni michache, na hakuna mahakama inayomrudishia hata mmoja.

Sikwambii haya kwa kupenda kuchimbua makaburi. Nayasema kwa sababu Agosti 2025 tulipoandaa CHAN hatimaye, pamoja na Uganda na Tanzania, timu yetu ilicheza hadi robo fainali ikatutoa machozi ya furaha. Lakini mashabiki walivunja malango ya Kasarani na kuingia bila tiketi, hata CAF ikaamua kupunguza idadi ya watu walioruhusiwa uwanjani. Jinsi ya kupanga malango, kuhesabu tiketi na kuongoza umati wa watu ni somo. Lina vitabu na lina mtihani. Ndilo binti wa jirani anataka kulisomea.

CHUO BILA UWANJA

Hadi hapo, mzee akisoma, atadhani nimemgeukia na kumuunga mkono binti yake. La. Nina shaka zangu pia, na nilizipata kwa kuzungumza na vijana ambao tayari wamehitimu.

Kwanza ni kwamba vyuo vingi havijaamua somo hili ni mtoto wa nani. Kwingine limewekwa chini ya idara ya elimu na mazoezi ya viungo; basi mwanafunzi atafundishwa mifupa na misuli hadi achoke, huku mizania ya hesabu akiisikia muhula mmoja tu. Kwingine limetupwa katika idara ya biashara, ambapo atajua masoko na fedha, lakini hajawahi kukaa siku nzima katika mashindano ya shule akishughulikia rufaa ya mchezaji aliyezidi umri. Mabishano haya yapo hata Marekani, na hayajaisha. Lakini kule mwanafunzi ana timu ya chuo inayojaza maelfu ya watu uwanjani, anaweza kujifunzia hapo. Kwetu chuo hakina uwanja wa kumfunzia, na waliokalia viwanja hawakupitia chuo.

Pili ni vitabu. Vijana waliniambia wanasoma jinsi timu za mpira wa vikapu za Marekani zinavyogawana wachezaji wapya kila mwaka na jinsi haki za televisheni zinavyouzwa kwa mabilioni ya dola. Ni elimu, siikatai. Lakini Gor Mahia na AFC Leopards hazina tajiri mmoja mwenye kuzimiliki. Ni vilabu vya wanachama, na vilizaliwa miaka ya sitini kutoka katika jamii zilizovipenda. Meneja wa klabu kama hizo anahitaji kujua namna ya kuendesha mkutano mkuu wenye kelele, kusajili wanachama wanaolipa ada, na kukusanya pesa za viingilio zisipungue njiani kati ya lango na benki. Kitabu cha hayo, cha kuandikwa na mtu aliyeyaona kwa macho yake, bado hakijai rafu zetu.

Mfano mzuri ni wa udhamini. Januari 2018 kampuni ya kamari ya SportPesa ilisimamisha udhamini wake wote humu nchini baada ya serikali kupandisha kodi ya kamari hadi asilimia 35. Vilabu vikubwa vilibaki mdomo wazi. Vilikuwa vimetegemea mfadhili mmoja kama mtoto anavyotegemea titi. Kisa hicho kinatosha kufundishwa muhula mzima: mikataba, kodi, na hatari ya kuweka mayai yote katika kikapu kimoja. Mwanafunzi wetu akikielewa hicho, atakuwa amejifunza zaidi kuliko kukariri majina ya timu za Chicago.

Tatu ni mafunzo ya nyanjani. Kila mwanafunzi hutakiwa kwenda kufanya kazi mahali kwa miezi kadhaa ili aone mambo yanavyokwenda. Kijana mmoja aliyehitimu aliniambia alipelekwa katika ofisi ya michezo, ambayo sitaitaja, akakaa miezi mitatu akinunua chai na kubeba maji ya wageni. Nauli alijilipia. Hakuonyeshwa daftari hata moja. Mwisho wa miezi mitatu bosi alimwandikia barua nzuri ya kumsifu kwa bidii. Bidii ya kubeba maji! Malalamiko ya vijana kufanyishwa kazi bila malipo kwa jina la mafunzo yamejaa katika fani hii ulimwenguni kote, kwa sababu wapenda michezo ni wengi na kila mmoja yuko tayari kujitolea ili tu awe karibu na uwanja.

AJIRA ZIKO WAPI?

Hapa ndipo mzazi hukaza macho, na ana haki.

Ukweli ni kwamba viti vikubwa vya mashirikisho yetu havitangazwi magazetini ili mtu atume barua na vyeti. Ni vya kuchaguliwa. Mwenyekiti, katibu na mhazini hupigiwa kura na wajumbe, na mjumbe hamwulizi mgombea amesomea wapi. Mwenye shahada na asiye nayo ni sawa mbele ya sanduku. Kijana anayeingia chuoni akidhani atatoka na kukabidhiwa shirikisho, anajidanganya, na mzazi anayemwacha aamini hivyo anamdanganya mara ya pili.

Hata hivyo, nyuma ya viti hivyo kuna meza nyingi. Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013 ilizaa Sports Kenya inayosimamia viwanja vya kitaifa, Chuo cha Michezo cha Kenya, ofisi ya msajili wa vyama vya michezo na jopo la kusuluhisha mizozo. Sheria ya kupambana na dawa za kututumua misuli ya mwaka wa 2016 ikaweka shirika jingine linalohitaji watu wa kuwaelimisha wanariadha. Katiba nayo iliziachia kaunti zote 47 kazi ya michezo na viwanja vya mashinani. Ongeza hapo shule, vyumba vya mazoezi, waandaaji wa mbio za barabarani, na uwanja wa viti 60,000 wa Talanta, kando ya Barabara ya Ngong, ulioanza kujengwa mwaka wa 2024. Uwanja mkubwa usio na meneja huwa ni malisho ya mbuzi yenye ua.

Kuna jambo jingine la kumtia moyo mzee mwenye binti. Katiba ya mwaka wa 2010 inataka wanachama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Mashirikisho mengi huhangaika kutafuta wanawake wanaoielewa kazi, na wasipowapata huchukua yeyote ili kujaza pengo. Msichana mwenye elimu na uzoefu hapaswi kuomba nafasi hiyo kwa magoti. Anaidai.

Tena tusisahau kwamba mafunzo mazuri hayakuanzia chuoni. Mathare, mwaka wa 1987, kilianzishwa chama cha vijana kinachojulikana kama MYSA. Vijana walicheza ligi, lakini pia walizoa takataka mitaani, na timu iliyosafisha ilipata pointi katika msimamo wa ligi. Waliokaa katika kamati, kupanga ratiba na kutunza vifaa walikuwa vijana wenyewe, wengine wakiwa bado wanasoma shule. Kutoka huko ilitoka Mathare United iliyotwaa ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2008. Chuo kikuu kinachofundisha usimamizi wa michezo bila kumpa mwanafunzi ligi ya kuendesha, hata kama ni ya watoto wa mtaa, kimezidiwa maarifa na kijana wa Mathare.

Na wale wanaodhani kwamba kitabu na kiatu cha mbio haviketi nyumba moja, wamkumbuke Mike Boit. Alishinda nishani ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka wa 1972, akasoma Marekani hadi akapata shahada ya udaktari, akawa Kamishna wa Michezo na profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mbio zilipokwisha, kitabu kilimngoja.

MASWALI YA KUULIZA

Basi mzazi afanye nini na ile barua? Ushauri wangu ni huu: kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, mwende chuoni, wewe na mwanao, mkaulize.

Ulizeni ni nani wanaofundisha. Je, kuna hata mmoja aliyewahi kuendesha klabu, uwanja au mashindano, au wote wamesoma vitabu vile vile watakavyomsomea mtoto?

Ulizeni mwanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya nyanjani, kwa muda gani, na ni nani anayemkagua huko. Chuo kikisema “atajitafutia”, jueni mmeambiwa kwamba chuo hakina marafiki katika michezo.

Ulizeni hesabu, sheria na kompyuta zinachukua nafasi gani katika masomo hayo. Mtoto atakayejua kufunga mahesabu ya mwaka na kusoma mkataba ana kazi hata nje ya michezo. Huo ndio mwavuli wake mvua ikinyesha.

Ulizeni waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi. Msikubali kuonyeshwa picha ya mmoja anayefanya kazi Uswisi. Ombeni mzungumze na watatu walio hapa hapa.

Nawe mwanafunzi, usingoje mwaka wa nne. Nenda kwenye timu ya mtaa, uombe kuwa katibu. Andika kumbukumbu za mikutano. Fanya kozi ya urefa. Jifunze Kifaransa, maana ukikaa mezani na wakuu wa soka la Afrika, nusu ya mazungumzo yatakupita usipokijua. Ukimaliza miaka minne ukiwa na karatasi tu, utakuwa kama mchezaji aliyesajiliwa lakini hajawahi kuvaa jezi.

Jumapili jioni nilipanda ghorofa ya tatu kuwapelekea maswali hayo, nimeyaandika kwa mkono. Nilimkuta mzee ameshusha sanduku la bati kutoka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na glavu zake za zamani, zimekauka kama ngozi ya ngoma, na picha ya timu yao waliyopigwa uwanja wa City. Alikuwa akimwonyesha binti yake mmoja mmoja: huyu alikufa akiwa mlinzi wa usiku, huyu alirudi kijijini, huyu hatujui aliko.

Binti alikuwa na kalamu na daftari la shule. “Baba, rudia majina,” alimwambia, “na miaka waliyocheza. Nitaanza na faili lenu.”

Mzee aliyataja yote, kumi na sita, pamoja na wachezaji wa akiba na yule mtoto aliyekuwa akiokota mipira. Kisha alivaa miwani, akachukua karatasi yangu ya maswali na kuisoma polepole hadi mwisho. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama ofisi za chuo hufunguliwa saa mbili au saa tatu asubuhi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mzee huyu alicheza kwao na hakutunzwa, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyefundishwa kutunza. Ikiwa mwanao anajitolea kuijifunza kazi hiyo, muulize maswali magumu, na ukitosheka na majibu, mlipie karo.